Mnyama Niliyemfundisha Mama Bahati

Jumatatu, saa nne asubuhi. Mvua ya rasharasha, na kuta zinatoka jasho.

Aliyewahi kuishi Guangzhou, huku China, majira haya anajua ninachosema. Unyevu unapanda mpaka vigae vya sakafu vinateleza kama vimepakwa mafuta, shati linakaa kwenye kamba siku nne halikauki, na mtu mwenye kitambi kama changu anatembea kama bata, ameshika ukuta, na ukuta wenyewe umelowa. Nimekaa kwenye benchi la plastiki nje ya ofisi ya uhamiaji, naandika kwenye simu kwa kidole kimoja. Mama Bahati yuko ndani. Namba yake haijaitwa.

Nisipoandika nitapasuka.

Mimi ni mwalimu wa chuo kutoka Same, umri miaka hamsini na miwili, mwanafunzi wa shahada ya uzamivu mzee kuliko wote bwenini. Siku ya kwanza mlinzi aliniuliza nimekuja kumtembelea mwanangu yupi. Tasnifu yangu inahusu mafumbo ya Maandiko na jinsi yalivyoisindikiza Marekani ilipokuwa inakua kuwa taifa lenye nguvu duniani kote. Walowezi wale walipovuka bahari walijiona ni wana wa Israeli. Nchi waliyoifikia ikawa nchi ya ahadi. Wenyeji waliowakuta wakapewa nafasi ya Wakanaani, na sote tunajua Wakanaani walifanywa nini. Baadaye wakawa mji uliojengwa juu ya mlima, kisha nuru ya mataifa. Kila mpaka uliposogea, palikuwa na mstari wa Biblia uliotangulia mbele kama mpiga tarumbeta.

Halafu kuna sura ya nne, na hiyo ndiyo iliyonileta kwenye benchi hili.

Sisi tunaoabudu Jumamosi tumekua nayo. Katika nchi hiyo hiyo ya Marekani walitokea wasomaji wa Ufunuo ambao hawakuona taifa lao kwenye mji wa nuru. Waliliona kwenye yule mnyama wa pili, mwenye pembe mbili kama za mwana-kondoo na sauti ya joka, ambaye mwisho wa mambo atazuia watu wasinunue wala kuuza mpaka wawe na chapa yake, kwenye mkono wa kuume au kwenye paji la uso. Fundisho hilo lilisafiri na wamisionari mpaka Upare, likachorwa kwenye kitambaa kikubwa, likawa linatundikwa kila mwaka kwenye makambi ya kanisa. Bibi yangu hakuwahi kuona ramani ya Marekani, lakini pembe zake alizijua kwa majina. Moja uhuru wa dini, ya pili serikali isiyo na mfalme. Aliweza kukwambia saa ngapi joka litaanza kunena.

Kwenye tasnifu nimeandika, kwa madaha ya mtu anayelipiwa chakula na bweni, kwamba hata waliolikemea taifa hilo walilikemea kwa heshima. Walilinyima umalaika wakalivika unyama mkuu, na kiti cha mbele kikabaki chake. Sisi wengine wote tumebaki watazamaji. Same haimo katika Ufunuo. Kahama haimo. Msimamizi wangu, mama Mchina mpole ambaye sote tunamwita laoshi, yaani mwalimu, aliisifu sura hiyo, kisha akauliza, “Na mwandishi mwenyewe anaamini nini?” Nikamjibu mimi ni mwanahistoria. Akaandika kitu pembeni ya karatasi kwa Kichina. Mpaka leo sijathubutu kumpa mtu anitafsirie.

Mpaka hapo hakuna aliyeumia.

Kila Jumamosi nafundisha darasa la Biblia kwa wenzetu, kwenye sebule ya kupanga huku mtaa wa Xiaobei, nyuma ya jengo la maduka la Tianxiu. Tunakuwa watu kumi na tano hivi, wengi wafanyabiashara wa Kitanzania, na Wakenya wachache kutoka Kisii ambao wanaimba vizuri kuliko sisi na wanajua hivyo. Shida ya darasa langu ni usingizi. Hawa watu wiki nzima wamefunga marobota, wamebishana bei, wamekimbizana na malori ya kwenda bandari ya Huangpu. Wakikaa kwenye kochi na mtu mnene akaanza kusema “kihistoria,” wanalala kwa haki kabisa.

Kwa hiyo mwezi uliopita nikaamua kuwaamsha.

Somo lilikuwa mnyama wa pili. Nikawaambia, wapendwa, msitegemee mnyama aje na pembe. Nguvu ya taifa kubwa leo ni kuamua nani anunue na nani auze. Ataichagua sarafu, atafunga benki, atafuta jina lako kwenye orodha, na biashara yako imekufa bila risasi hata moja. Macho yakaanza kufunguka. Nikaona nimewapata. Nikainua simu yangu juu nikasema, “Mnyama atakuja na mashine ndogo! Itakwambia tabasamu! Ukitabasamu, unanunua. Ukikataa, unalala njaa!”

Amina iliyotoka hapo, jamani. Jirani Mchina aligonga ukuta.

Sinywi pombe tangu nizaliwe, lakini amina ile ilinilevya. Nilirudi bwenini natembea kama mtu aliyeshinda uchaguzi. Sikurudi nyuma kusema kwamba nilikuwa nafananisha. Sikusema kwamba waumini wa kweli wamelisoma fumbo lile kwa njia nyingine nyingi, wala kwamba mwenyewe, ukinibana, sijui. Mwalimu gani anaharibu amina ya namna ile?

Ijumaa iliyopita akanipigia Ombati. Huyu ni Mkisii, wakala wa mizigo mwenye kameza kake ndani ya Tianxiu, na ndiye katibu wa darasa letu.

“Mwalimu, umetuchoma,” akasema. “Mama Bahati amegoma.”

Nikadhani amegomea bei ya kontena. Mama Bahati ni wa Kahama, mjane, ananunua nguo za watoto na kuzipeleka nyumbani. Amekaa mji huu miaka kumi na anajulikana kila ghorofa. Nimewahi kumwona akimbishia laoban mmoja, bosi wa duka la soksi, mpaka mtu yule akampa mzigo kwa bei yake na kiti cha kukalia. Kugoma ni kazi yake.

“Si kontena,” Ombati akasema. “Kibali chake cha kuishi kinaisha Jumanne. Nimempeleka uhamiaji jana. Amefika dirishani, wakamwambia aweke vidole vya mkono wa kuume, halafu aangalie kamera. Akanigeukia akaniambia, Ombati, twende. Ati hiyo ndiyo ile Mwalimu alifundisha. Tukatoka! Mimi nimebeba mafaili kama mjinga!”

Nilikaa chini.

Mkono wa kuume na uso. Nimesoma mstari ule maisha yangu yote, nimeuandikia sura nzima yenye tanbihi, nimeweka vidole vyangu kwenye mashine zile zile mara sijui ngapi, na sikuwahi kuviweka viwili hivyo pamoja. Mwanamke aliyekuwa anasinzia kwenye kochi ndiye aliyeviweka.

Nilikwenda dukani kwake jioni ile ile. Nilijiandaa njiani, ndani ya treni, kama mtu anayekwenda kutetea tasnifu. Nilimkuta amekaa juu ya robota, anakunja suruali za watoto, mkono hautulii.

“Mama Bahati, dada yangu,” nikaanza, “kwanza kabisa, yule mnyama tunasema ni Marekani. Hapa ni China.”

“Shikamoo yangu haijapokelewa umeshaanza mahubiri,” akasema. Ni kweli alinisalimia, nami sikusikia. Ananizidi mwaka mmoja, anatania kuniamkia. Nikaomba radhi, nikamwamkia mimi. Akaitikia, kisha akasema, “Haya. Si wewe ulisema mnyama mmoja humpa mwenzake nguvu? Na hizi suruali, Mwalimu, zimetengenezwa hapa hapa, mbona bei ya jumla naambiwa kwa pesa ya Marekani?”

Nikahamia hoja ya pili. Nikamkumbusha amekuwa akiweka vidole miaka kumi, kila akiingia nchini, na hajaota pembe.

“Zamani sikujua,” akasema. “Asiyejua hana hesabu. Sasa najua. Umenifundisha wewe.”

Hiyo iliniingia kama msumari. Nikajaribu kulia-lia kidogo, nikamtaja Bahati, binti yake anayesoma uuguzi Mwanza kwa jasho la suruali hizi. Nikamwambia asipoongeza kibali atakamatwa, atafukuzwa, hatarudi tena kwa miaka. Akasema anajua, na kwamba tangu jana anamwomba Mungu. Basi, nikamwambia, kama umeamua, panda ndege ya Jumapili uondoke vizuri, wakati kibali bado kipo.

Akaacha kukunja.

“Na pale Baiyun uwanja wa ndege, kutoka hawaweki vidole?”

Wanaweka.

Hawezi kukaa bila mashine. Hawezi kuondoka bila mashine. Nilimjengea chumba kisicho na mlango, nikakijenga kwa vichekesho, na kabla sijatoka nikapokea amina. Alinitazama kwa upole, na upole ule ndio ulionimaliza. Angenitukana ningepona.

“Usihuzunike, Mwalimu,” akasema. “Tuliambiwa itakuwa ngumu.”

Juzi Jumamosi nilisimama mbele ya darasa bila daftari. Nikawaambia ukweli, au sehemu ya ukweli ambayo ulimi ulikubali. Kwamba nilitia chumvi. Kwamba maneno ya mashine yalikuwa mfano wangu mwenyewe, hayamo kwenye Ufunuo. Kwamba hata kumwita mnyama yule Marekani ni usomaji wa watu waliokaa Marekani, waliokuwa wanatafuta nchi yao kwenye Biblia kama sisi tunavyotafuta sura zetu kwenye picha ya harusi, na kwamba sina hakika nao. Mzee mmoja wa Musoma, muuza vipuri, aliyebatizwa kwa fundisho lile la kwenye kitambaa, akavua miwani akaifuta, akaivaa, akaivua tena.

“Sasa Mwalimu,” akasema, “unatufundishaga nini?”

Nikainama kutafuta daftari ambalo sikuja nalo.

Ndipo Mama Bahati akasimama. Akauliza swali moja tu, kwa sauti ya kuulizia bei. “Mwalimu, unaniambia nikaweke vidole?”

“Ndiyo.”

“Si dhambi?”

“Sidhani.”

“Hudhani,” akarudia, na watu wawili watatu wakacheka kwa woga. “Mwalimu, mimi nimesoma darasa la saba. Wewe una vitabu mpaka chini ya kitanda. Kama si dhambi, hutapata hasara. Kama ni dhambi, ibebe wewe. Sema hapa mbele ya watu kwamba ni yako, nami Jumatatu naenda.”

Huyu mama amefanya biashara miaka kumi. Hajawahi kunisikia nikisema kitu kilicho wazi kuliko alivyosema yeye hapo.

Nikasema naibeba. Nilisema haraka, karibu kwa furaha. Kichwani nilikuwa nawaza: neno tu. Mafumbo ndiyo kazi yangu, na hili ni fumbo dogo, linaokoa mtu.

“Iandikwe,” akasema Mama Bahati.

Wasiotujua niwaeleze. Darasa letu lina katibu, na katibu huandika kumbukumbu. Kila Jumamosi, kabla ya somo, husoma kwa sauti yaliyotokea wiki iliyopita: nani alifundisha, wimbo gani uliimbwa, wangapi walihudhuria, kulitokea nini. Ombati akafungua daftari. Mtu wa mizigo hawezi kuandika kitu bila kukifanya hati ya mzigo, kwa hiyo akawa anasoma huku anaandika: “Mzigo, dhambi moja, kama itakuwepo. Mtumaji, Mama Bahati. Mpokeaji, Mwalimu. Hauna bima.” Akainua macho. “Mwalimu, weka sahihi. Huu haurudishwi bandarini.”

Watu wakacheka, safari hii kwa kupumua. Hata yule mzee wa vipuri. Nikachukua kalamu, nikacheka nao.

Nikatia sahihi.

Sahihi yangu, ambayo nimeiweka kwenye mitihani ya wanafunzi maelfu, ilitoka kama ya mtoto. Na jana Jumapili nzima nimeshinda chumbani nikisoma ile sura ya kumi na tatu ya Ufunuo, bila kalamu na bila karatasi za tanbihi. Niliisoma kama bibi yangu. Na niliogopa.

Hilo ndilo sikulitegemea. Kwa miaka mitatu nimeamini kwamba sura ile kwangu ni kama mwili juu ya meza ya daktari. Naupasua, naeleza huu moyo, hili ini, hivi ndivyo taifa lilivyojipa jina la mteule, hivi ndivyo jirani yake alivyoliita mnyama. Jana ule mwili umenishika mkono. Kama yote ni lugha tu, mimi naogopa nini? Na kama si lugha tu, nimetia sahihi nini pale sebuleni, huku nacheka?

Nilifikiria kumpigia Mama Bahati nimwambie asiende. Nilishika simu mara mbili. Halafu nikamwona akichukuliwa dukani kwake mbele ya wale malaoban wote waliomheshimu, nikaweka simu chini. Nikaona pia nyaraka za wakubwa wa Marekani ninazozisoma: walivyosaini, kwa mistari mitakatifu, mambo ambayo watu wengine walikuja kuyalipa kwa miili yao. Nimewacheka sana kwenye tasnifu. Sasa naona walivyokuwa wepesi wa mkono. Mimi pia nilikuwa mwepesi mpaka siku somo langu lilipopata jina la mtu na tarehe ya kibali.

Namba yake imeitwa. Nimemwona kupitia kioo akisimama, akinyoosha kitenge chake, akienda dirishani. Hakunigeukia.

Saa tano na nusu.

Ametoka. Nilikuwa nimesimama, sijui tangu saa ngapi. Ameshika risiti ya kijani, ameikunja mara nne. Nikamuuliza imekuwaje.

“Imekataa,” akasema.

Akaona uso wangu, akanishika kiwiko.

“Imekataa mara mbili. Vidole vyangu vimesagika kwa kamba za marobota, mashine haikuona kitu. Yule binti wa dirishani akanipa kitambaa nifute. Nikawaza, Mungu amefunga mlango, nirudi. Mara ya tatu nikasema kimoyomoyo, hii ya Mwalimu. Nikaweka. Ikasoma.”

Alisema hivyo bila lawama, kama mtu anayekueleza lori limepita njia ipi. Kisha akatazama saa, akasema kuna mzigo wa magauni lazima uondoke leo mchana, akaniambia nile kitu maana nimefubaa. Akafungua mwavuli akaenda. Nilimtazama mpaka kona, mwepesi kabisa, anakwepa madimbwi.

Mimi nimebaki.

Sina hakika mnyama ni nani. Sina hakika kama yupo. Nina kurasa mia mbili na kumi za kutokuwa na hakika, zimefungwa vizuri, na laoshi anazisubiri. Lakini alichokifanya Mama Bahati hakikuwa cha kutokuwa na hakika. Alisogeza kitu kutoka kwake akakiweka kwangu, na nakisikia uzito, hapa kwenye benchi, mchana kweupe, kati ya watu wanaokula maandazi ya mvuke na kusubiri namba zao.

Sijaomba peke yangu kwa muda mrefu. Mbele ya watu naomba vizuri, nasifiwa. Peke yangu, hata sikumbuki mara ya mwisho. Sasa hivi nimejaribu, macho wazi ili mlinzi asidhani nimezimia. Nilianza kwa “Ee Baba uliye juu,” nikasikia sauti yangu ya sebuleni, nikaacha. Nikaanza upya, nikasema tu: yule mama hana kosa, niulize mimi.

Nimekaa nasikiliza. Mvua tu.

Nitaulizwa lini?